Nilivyofaulu kuotesha mukau

Huku Kitui, Kenya, ukisema unaotesha mukau, mti wa mbao wa sehemu kavu, swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Imeota mingapi?" Wengi wetu tumewahi kufukia makokwa na kungoja. Msimu wangu wa kwanza niliokota nusu debe kwenye boma la mbuzi, kwa kuwa mbuzi hula nyama ya tunda kisha hutema makokwa wanapocheua. Nikayafukia kitaluni na kuyamwagilia asubuhi na jioni kwa maji ya kununua. Baada ya miezi mitano nilikuwa na miche mitatu. Jasho langu sikulihesabu, ila yale maji yaliniuma.

Nilirudia kwa ajili ya mti wenyewe. Mukau unastahimili ukame wetu, mchwa hawaziwezi mbao zake, na ukitunzwa vizuri hupasuliwa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Ile ya porini tumeikata mno.

Siku ya mafunzo katika kituo cha KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya) hapa Kitui ndipo nilipoelewa kwamba mbegu imefungiwa mara mbili: nje kuna kokwa gumu kama mfupa, ndani kuna ganda la mbegu yenyewe. Basi nikajifunza kupasua. Nalaza kokwa juu ya gogo, naweka kisu kwenye mstari wake, kisha nakigonga kisu kwa rungu dogo. Ukigonga kwa pupa unaikata mbegu katikati, na siku ya kwanza nilizikata nyingi kuliko nilizookoa. Vyumba vingine vya kokwa ni vitupu, kwa hiyo pasua mengi kuliko miche unayohitaji.

Mbegu ikitoka, naikata ncha ya ganda kidogo tu kwa kikata kucha na kuiloweka kwenye maji baridi usiku kucha. Asubuhi imevimba na ganda limelainika. Hapo nalichana ganda kwa urefu kwa wembe mpya, bila kugusa kiini cheupe. Ni kazi ya macho na subira. Naifanya mapema, kabla jua halijawa kali.

Nilidhani nimemaliza, kumbe bado. Mbegu zile za kwanza nilizipanda kwenye udongo wa boma wenye samadi, nikijua nazipa chakula. Zilivimba, zikashika ukungu, zikaoza zote. Niliumia kuliko mwanzo, maana hizi nilikuwa nimezichana moja moja. Ukiivua mbegu ganda lake umeivua kinga yake, na samadi haihitaji, kwa kuwa chakula cha kuanzia kimo ndani yake. Sasa natumia mchanga wa mto peke yake. Nauosha, naukaanga kwenye sufuria kuukuu, nauacha upoe. Wembe nauchovya kwenye spiriti, mikono nainawa kwa sabuni.

Naifunika mbegu kwa mchanga kidogo tu, kisha juu ya kitalu natandaza karatasi ya nailoni kwenye fito zilizopindwa ili joto lisitoke. Mukau unataka joto. Nilizojaribu Julai, wakati wa baridi, zilisuasua na nyingine zikaoza.

Mara ya kwanza nilipofuata hatua zote, siku ya tano nilikuta mchanga umepasuka na kichipukizi kimeinama chini yake. Nilimwita mke wangu aje aone. Kufikia mwisho wa wiki ya pili zaidi ya nusu zilikuwa zimeota.

Siku hizi nanunua mbegu kutoka mashamba ya mbegu ya KEFRI ya Tiva na Kibwezi, yenye miti iliyochaguliwa kwa unyoofu na ukuaji wake. Mche ukifungua majani yake ya kwanza nauhamishia kwenye kiriba, yaani mfuko wa nailoni wa kukuzia mche, naushika kwa jani wala si kwa shina. Kivuli naupa siku chache tu, halafu nautoa juani. Maji napunguza: nachomeka kidole kwenye udongo, na kikitoka na unyevu, siku hiyo simwagilii.