F ya hesabu: pa kuanzia karatasi ikisharudi

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyepata 17 kwenye Basic Mathematics huambiwa mambo mawili: ongeza bidii, tafuta twisheni. Yote mawili yanaweza kumsaidia, ila hakuna hata moja linalomwambia kesho jioni akikaa mezani afungue ukurasa gani. Basi anafungua pale darasa lilipofika, tuseme mada ya duara, anahangaika nayo saa mbili, hatoki na kitu, na baada ya wiki moja anaacha. Msimamo wangu ni huu: F ya hesabu haiondoki kwa kukimbizana na darasa. Inaondoka ukirudi pale ulipokatikia, na mara nyingi pale ni kidato cha kwanza au cha pili.

Kabla ya hapo, ipime hiyo F kwa namba. Kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha nne Tanzania, A inaanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Chini ya 30 ni F. Pepa ya Basic Mathematics ni ya saa 3 na ina maswali 14, yote ya lazima: sehemu A ina maswali 10 ya maksi 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya maksi 10. Shule nyingi hutunga mitihani yao ya muhula kwa mpangilio huohuo. Kwa hiyo mwenye 17 anahitaji maksi 13 kufika D, yaani maswali mawili ya sehemu A na maksi moja juu. Akitaka C anahitaji 28: maswali matatu ya sehemu A na moja la sehemu B. Hiyo ni kazi ya miezi kadhaa kwa mtu mwenye mpango, na haihitaji ajue kila mada iliyomo kwenye silabasi.

Sasa omba karatasi yako. Wengi hupewa, wanaona 17 kwa wino mwekundu, wanaikunja na kuitia chini kabisa ya begi. Aibu hiyo naielewa, lakini karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha ulipokatikia, na hakuna kitabu kingine kitakachokuonyesha hivyo. Chukua kalamu ya rangi nyingine na upitie kila maksi uliyopoteza, ukiandika pembeni sababu yake kwa neno moja. "Sijui", kama mada yenyewe huijui. "Kosa", kama njia uliijua ukateleza katikati. "Swali", kama hukuelewa ulichoulizwa. "Muda", kama hukufika. Kisha hesabu maksi za kila kundi. Mtu mwenye "muda" nyingi na mtu mwenye "sijui" nyingi wote wana F, lakini dawa zao ni mbili tofauti kabisa.

Kundi la "kosa" ndilo lenye maksi za karibu, kwa hiyo tulitazame kwa makini. Mfano:

3(x − 2) − 2(x − 5) = 7

Mwanafunzi anaandika 3x − 6 − 2x − 10 = 7, anapata x − 16 = 7, kisha x = 23. Kilichoharibika ni alama moja tu: −2 mara −5 ni +10. Ukiiweka sawa unapata x + 4 = 7, na x ni 3. Sasa mwanafunzi huyohuyo mpe nukta (2, −3) na (−1, 3) atafute mteremko. Juu anatakiwa aandike 3 − (−3), ambayo ni 6. Yeye anaandika 3 − 3, anapata sifuri. Jibu sahihi ni 6 gawanya kwa −3, yaani −2. Kwenye karatasi yake atasema amefeli aljebra na amefeli jiometri ya majira ya nukta (coordinate geometry), na ataanza kusoma mada mbili. Ukweli ni kwamba amefeli jambo moja la kidato cha kwanza, namba hasi, na linamfuata kila aendako: kwenye milinganyo, kwenye matriksi, kwenye vekta. Akilitengeneza hilo kwa wiki mbili, maksi zinaanza kurudi sehemu tatu au nne kwa mpigo.

Logi ni mfano mwingine. Kikokotoo hakiruhusiwi kwenye pepa hii, unatumia vitabu vya majedwali, na hapo ndipo wengi wanapotea. Tuseme unatafuta kipeuo cha pili cha 0.0347. Namba hiyo ni 3.47 × 10⁻². Jedwali linakupa 0.5403 kwa 3.47, kwa hiyo logi yake ni −2 + 0.5403, na tunaiandika kwa kuweka kistari juu ya 2. Kile kistari kinahusu 2 peke yake. Anayeandika −2.5403 ameifanya namba nzima kuwa hasi, na kuanzia hapo kila kitu kimeharibika. Ukigawanya kwa 2: −2 inakuwa −1, na 0.5403 inakuwa 0.2702. Antilogi inakupa 0.186. Ukiambiwa kipeuo cha tatu, −2 haigawanyiki kwa 3 bila baki, kwa hiyo unaiandika upya kama −3 + 1.5403 ndipo unagawanya: −1 + 0.5134, na jibu ni 0.326. Hatua hiyo ya kuandika upya hurukwa ubaoni mara nyingi kwa sababu mwalimu anaiona ni nyepesi. Wewe iandike kila mara.

Kwa kundi la "sijui", usianze na mada unayoiogopa zaidi. Anza na zile ambazo hazitegemei mambo mengi ya nyuma: seti, uwiano na faida na hasara, makadirio ya namba, mfuatano na jumla zake, Pythagoras pamoja na sine na cosine za pembetatu mraba. Kwa sehemu B ningechagua takwimu na matriksi kwanza. Takwimu ina hatua zilezile kila mwaka, na makosa yake yanajulikana: kundi la 30–39 linaanzia 29.5 na upana wake ni 10, lakini wengi huandika 30 na 9, kisha wastani wa kati (median) unakataa. Matriksi ya 2 × 2 nayo, ukishajua kutafuta ditaminanti yake na matriksi kinyume (inverse), inakufungulia na milinganyo ya pamoja. Mada za dunia kama tufe (Earth as a sphere) na maumbo ya vipimo vitatu (three-dimensional figures) zisubiri. Zinadai trigonometria iliyokaa sawa.

Muda wa kila siku: dakika 45 zinatosha, mradi ziwe za kweli na simu iwe chumba kingine. Dakika 10 za kwanza ni kwa hesabu za kichwa na za mkono: jedwali la kuzidisha hadi 12, sehemu, desimali, kugawanya kwa mkono. Bila kikokotoo, anayehangaika na 7 × 8 anapoteza dakika zake huko. Dakika 30 ni za maswali matano ya aina moja, si matano ya mada tano. La kwanza fanya ukitazama mfano, la pili ukiuchungulia, la tatu hadi la tano ukiwa umefunga kitabu. Dakika 5 za mwisho rudia kosa la zamani. Kwa ajili hiyo weka daftari la makosa: ukurasa wa kushoto nakili ule mstari ulioharibika kama ulivyouandika, wa kulia andika uliosahihi na sababu yake kwa maneno yako. Lirudie swali hilo kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, ukiwa umefunika upande wa kulia. Jumamosi jipe maswali matatu ya sehemu A kwa dakika 30 bila kitabu.

Jambo linaloharibu mpango huu kuliko uvivu ni kusoma majibu. Mtu ananunua kitabu cha mitihani iliyopita yenye majibu, anasoma swali, anasoma jibu, anatikisa kichwa kwamba ameelewa, anaenda ukurasa unaofuata. Usiku mmoja anamaliza miaka mitano, na siku ya mtihani mkono haujui uanzie wapi. Mitihani iliyopita ina thamani kubwa, lakini itumie baada ya kumaliza mada, na kalamu iwe mkononi kabla jicho halijaona jibu.

Kundi la "swali" linatokana na Kiingereza mara nyingi kuliko tunavyokubali. Andika maneno ya maagizo nyuma ya daftari. "Show that" maana yake jibu umeshapewa, maksi ziko kwenye hatua. "Hence" maana yake tumia ulichopata kwenye kipengele kilichotangulia. Ukianza njia mpya unapoteza muda, na unaweza kupoteza maksi. Ukiambiwa utumie π = 3.14, usitumie 22/7.

Msaada wa mwalimu unategemea unavyouomba. Ukimwambia "mwalimu, mimi hesabu sielewi," hana pa kukushika. Mfuate baada ya vipindi, daftari likiwa wazi: "Shikamoo mwalimu. Swali hili nimelifanya hadi mstari wa tatu, hapa sioni kwa nini alama imebadilika. Naomba unielekeze." Hilo analijibu kwa dakika mbili hata akiwa amesimama koridoni, na darasa la watu 70 au zaidi haliachi mwalimu dakika nyingi kuliko hizo. Siku ambayo hapatikani, tafuta mwenzako. Mimi ningemfuata mwenye C aliyepanda kutoka D kabla ya kumfuata yule wa A, kwa sababu bado anakumbuka pale panapouma. Twisheni iwe ya mwisho, na uiendee ukiwa na orodha ya mada zako. Ile ya watu mia moja ukumbini inayokimbiza mada mpya itakurudisha kulekule ulikotoka.

Kwenye chumba cha mtihani, gawa muda hivi: dakika 10 kwa swali la sehemu A, 16 kwa la sehemu B. Jumla ni 164, zinabaki 16 za kukagua. Dakika zikiisha, acha nafasi, nenda linalofuata. Usianze na swali la 1 kwa sababu tu ni la 1. Pitia pepa yote, anza na lile ambalo mkono unalijua. Onyesha kila hatua, maana msahihishaji hutoa maksi kwa hatua, na jibu la mwisho likikosewa zile za juu bado zako. Ukikosea, piga mstari mmoja juu yake na uendelee. Usiache swali tupu: kuandika kanuni sahihi na kuingiza namba kunaweza kukupa maksi moja au mbili, na kwa mtu wa 29 hizo ndizo tofauti ya F na D.

Kwa mzazi au mlezi nina maneno machache. Ukiletewa ripoti, omba na karatasi yenyewe, na uanze kwa kumwambia akuonyeshe swali aliloliweza. Kumchapa au kumlinganisha na dada yake kunamfundisha kuficha karatasi inayofuata, na ikifichwa hakuna tena pa kuanzia. Kisha mlindie zile dakika 45. Binti anayetoka shule akachota maji, akapika na kuosha vyombo anakaa mezani saa nne usiku akiwa hana kichwa tena. Kama kazi hazipunguki, mhamishie masomo saa kumi na moja alfajiri na umwache alale mapema. Na kijana akianza kusema hana maana ya kuishi, hesabu ziwekwe pembeni kabisa, azungumze na mtu mzima anayemwamini siku hiyohiyo.

Na kama mtihani wa taifa umeshapita na F imebaki kwenye cheti? Divisheni hupangwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo huenda F hiyo haikuigusa, lakini tahasusi za kidato cha tano kama PCM (fizikia, kemia na hesabu) na EGM (uchumi, jiografia na hesabu) zimefungwa. Unaweza kurisiti ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, hata kwa somo hili moja. Mtihani ni Novemba, ila usajili hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo nenda kituo cha mtihani mwanzoni mwa mwaka ukiwa na namba yako ya mtihani wa zamani. Karatasi ya mtihani wa taifa hairudishwi, basi fanya pepa moja iliyopita kwa saa 3 kamili, mpe mtu anayejua aisahihishe, na hiyo ndiyo uipitie kwa kalamu ya rangi nyingine.