Breki kwanza, rangi baadaye

Orodha ya fundi wa kwanza ilianza na rangi. Rangi, stika, siti mpya, kikapu cha mbele, halafu huko mwishoni kabisa, "breki nazo tutaziangalia." Nikamshukuru, nikaikokota baiskeli nikaondoka nayo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Baiskeli si kazi yangu, ila chuma, mafuta na vumbi nimeishi navyo miaka mingi, na fundi anayetaka kunipamba kabla ya kunitengenezea namjua kwa harufu. Baiskeli yenyewe ni mtumba wa Japani, inchi 24. Ilikuwa ya kijana wa dada yangu mpaka magoti yakaanza kugonga usukani, sasa imeshuka kwa mdogo wake wa kike aliye darasa la nne. Mtoto wa dada ni mwanangu, kwa hiyo matengenezo yakaniangukia mama mdogo.

Niliipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza chini ya mwarobaini, Mgogo wa makamo ambaye usipomwamkia "mbukwa" kwanza hakusikii vizuri. Hakugusa rangi. Aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akaminya breki. Gurudumu likaendelea na safari zake.

Baiskeli nyingi za namna hii breki ya nyuma imefichwa ndani ya kidude cha duara pembeni ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Mle ndani kuna mkanda unaobana ngoma inayozunguka pamoja na gurudumu. Mkanda ukizeeka unapiga kelele mpaka mtaa wa pili wanajua umefika, na watu wetu dawa ya kelele ni mafuta. Tulipomuuliza kaka mtu akatazama chini: alimimina mafuta ya kupikia, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu wenzake walikuwa wanamcheka. Kelele ziliisha kweli. Breki nayo ikaisha. Mzee akasema wapo wanaoosha mkanda kwa petroli na kuurudisha, ila yeye kwa baiskeli ya mtoto hafanyi hivyo. Tukaweka mpya, ngoma ikasuguliwa kwa msasa, na kijana akaambiwa mbele ya mashahidi kwamba kelele ya breki ni bora kuliko ukimya wake.

Mbele ni mipira miwili inayobana ringi. Ya zamani ilikuwa migumu, ukiibonyeza kwa kucha haiachi alama. Mipira ya hivyo juu ya ringi ya chuma yenye kromu inateleza hata pakavu, sembuse Januari mvua ikinyesha. Mipya haina gharama ya kumtisha mtu. Kazi ni kuipanga: iguse ringi peke yake, isipande kwenye tairi, maana ikipanda itakula tairi kimyakimya mpaka siku lipasuke.

Waya nao tulibadilisha pamoja na mfuko wake, kwa sababu vumbi la huku likishaingia mle linachanganyika na mafuta na kuwa gundi. Mtu mzima anavuta kwa nguvu wala hajui. Mtoto wa miaka kumi hana nguvu hizo. Nilimwambia binti avute kwa vidole viwili tu, na asipoweza tusiondoke. Kumbe pia kuna skrubu ndogo kwenye mkono wa breki, ukiikaza mkono unasogea karibu na mshikio. Vidole vyake vilikuwa vinaufikia kwa ncha tu, sasa vinaukamata. Hiyo skrubu haikutugharimu hata senti, na naamini nusu ya baiskeli za watoto mjini hapa hazijawahi kuguswa hapo. Breki ya mbele kwenye hii iko mkono wa kulia. Nimemwambia aanze na kushoto, kulia afuate.

Tairi sasa, na hapa ndipo pesa za wazazi wengi zinapopotea. Dukani kijana alinipa tairi la inchi 24, nikageuza kusoma ubavuni: 24 x 1.75. La zamani lilisema 24 x 1 3/8. "Dada, 24 ni 24," akaniambia, tena kwa upole wa mtu anayemwelewesha mwanafunzi. Siyo. Yale yenye sehemu na yale yenye nukta ni makabila mawili. Tafuta namba ndogo iliyoandikwa karibu nayo: langu lilikuwa 37-540, lake lilikuwa na 507. Hiyo 540 ni kipenyo kwa milimita mahali tairi linapokalia ringi, na milimita 33 za tofauti huzivuti kwa tairi spana wala kwa maombi. Ya inchi 20 na 26 nayo yana fujo hiyohiyo. Andika namba yote kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani, au nenda na tairi bovu begani kama nilivyofanya, wacha watu watazame.

Tyubu Dodoma haifi kwa uzee, inakufa kwa mbigili. Kabla ya kuweka mpya lazima upapase ndani ya tairi, na hapa nilimpita mzee kwa ufundi. Yeye hutumia kidole, mwishowe anachomwa. Mimi nilipitisha kipande cha satini kilichobaki kwenye gauni la send-off. Mwiba hata uwe umebaki ncha, satini inanasa. Tulikuta miwili. Kisha mzee akakata tyubu kuukuu kwa urefu na kuitandika ndani ya tairi iwe ngao. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, lakini huyu haendi mashindanoni.

Na kabla hujaziba pancha isiyoonekana, angalia valvu. Hizi za Kijapani zina kile kimpira chembamba kinachovaa pini ndani ya valvu, sawa na baiskeli kubwa za zamani. Kikioza upepo unatoka polepole usiku, asubuhi unalaumu mbigili.

Cheni nilipima mwenyewe, tena kwa rula ya chuma, siyo futi yangu ya kupimia wateja, maana futi ya kitambaa huvutika na mimi ndiye ninayejua zaidi ya yeyote. Pini moja hadi nyingine ni nusu inchi, kwa hiyo hatua 24 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha. Yetu ilizidi. Meno ya friwili, ile duara ya nyuma inayovutwa na cheni, nayo yalikuwa yamechongoka na kulala upande mmoja. Ukiweka cheni mpya hapo itaruka kila mtoto akisimama kwenye pedeli, kwa hiyo vyote viwili vilitoka pamoja. Klipu ya kiungo, ule upande uliofungwa ndio unaotangulia cheni inakokwenda.

Gololi za habu tulibadilisha, vikombe zinamozungukia vilikuwa bado vizima, grisi mpya, basi. Za zamani zilichukuliwa na watoto wa pale jirani kabla hazijapoa mkononi mwa mzee.

Pedeli alifunga binti mwenyewe. Ya kushoto inafungwa kinyume, na mzee alimwacha ahangaike nayo kidogo kabla ya kumwonyesha herufi L kwenye ncha ya ekseli. Sasa anawafundisha wenzake shuleni, na nasikia anafundisha kwa sauti kubwa.

Siti bado ni ileile, spring ya kushoto imelegea na ngozi imepasuka. Nimeishonea kifuniko cha jinzi kwa muda. Rangi na kikapu cha waridi baba yake amesema mwisho wa mwezi, hakutaja mwezi upi.