Sura iko nzuri, lakini mutu mwenyewe iko wapi?

Nitasema kitu yenye batu benye banapenda gemu ya Skyrim batanikasirikia, lakini basi. Mu The Elder Scrolls, ile familia ya magemu ya kampuni Bethesda yenye Skyrim iko ndani, kila gemu mupya inatoka na sura nzuri kupita ya zamani, pua inatengenezwa vizuri, midomo, makovu, rangi ya macho, na kila mara banaondoa kitu moja ku bile bilikuwaka binafanya ule mutu wako akuwe mutu. Sasa tumefika fasi unatengeneza sura saa nzima halafu mwenye kuwa nyuma ya ile sura hakuna.

Tuanze na Morrowind ya 2002 juu njo yenye mashini yangu inabebaka bila kulia. Unatoka mu mashua, wewe ni mufungwa, banakupeleka ku biro ya Seyda Neen, kamuji ka mule mu gemu, unakuta muzee moja na makaratasi yake anakuuliza unafanyaka kazi gani, ulizaliwa chini ya nyota gani, anaandika yote, sawa vile uko ku komine unatafuta atestasio, kasoro tu ule muzee hakuombi sukre. Sura yenyewe? Unachagua kichwa moja mu bile bichwa kidogo biko pale, byote bibaya, unachagua nywele, imeisha.

Lakini ile ingine sasa! Kuko makabila 10, kazi 21 zenye ziko tayari ao unajitengenezea yako na unaandika jina yenye unataka, kuko ufundi 27, na nyota 13. Kama umechukua nyota ya Atronach, nguvu yako ya uchawi hairudi ata ukilala mpaka asubuhi, lakini mara nyingi mutu akikutupia uchawi wewe unaumeza unakuwa wako. Kwa hiyo unaishi kwa kununua dawa ao kwa kutafuta mwenye atakupiga. Unaona? Ni kitu moja ulibonyeza pale mwanzo na inakufuata gemu yote.

Mutoto ya mama mudogo alikuya kucheza kwangu hapa Kadutu, mu Bukavu, akachagua Argonian, ule mutu-mujusi, juu eti sisi ni batoto ba ziwa na Argonian anawezaka kupumua mu maji. Kazi akaandika "Motari". Ufundi wake wa kwanza akaweka Athletics, ile ya kukimbia, juu motari lazima akuwe mbio. Nikacheka lakini nikamuacha. Kisha akaua mutu moja, akachukua maboti yake, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Yaya, haya maboti hayavaliki?"

"Hayavaliki. Angalia miguu yako."

"Sasa juu ya nini habakuniambia mbele?"

"Ulichagua mujusi, ulitaka miguu ya nani?"

Na ni kweli, mu Morrowind Argonian na Khajiit, ule mutu-paka, habavalaki biatu, wala kofia ya chuma yenye inafunika uso yote. Alikasirika sana, lakini kitu yenye alifanya kisha njo inanifurahishaka: akaacha barabara kabisa, akaanza kupita paka mu maji, na kuogelea nako kunapandisha ile Athletics, kwa hiyo motari yetu akakuwa na mbio ya ajabu bila kukanyaga lami. Akifika mu mji anakuta Argonian bengine ni batumwa ba ba Dunmer, kabila ingine ya mule mu gemu, na yeye anapita pale na sura ileile. Hakuna mutu alimupangia iyo hadisi, ilitoka mu kile alichagua ku biro.

Nyuma zaidi kuko Daggerfall ya 1996, ile njo wazimu kabisa. Unatengeneza kazi yako unajipatia faida na unajipatia shida: unaweza sema jua inakuchoma, ao ukiingia fasi takatifu unaumia, ao hautashika silaha ya chuma fulani. Pembeni kuko kisu kidogo kinapanda na kushuka, ukijipa faida mingi kinakuonyesha utapanda levo polepole, ukijipa shida utapanda mbio. Kila kitu iko na bei. Batu banaweza sema ni kuiba mu muchezo, juu unachagua shida yenye haitakupata, ndiyo, lakini ata kuiba kule kunakulazimisha ufikiri wewe ni nani.

Oblivion ya 2006 njo yenye ilileta ile mistari ya kusukuma, paji ya uso, mashavu, kidevu, unasukuma kimoja kingine kinaharibika, kwa hiyo mu ile gemu batu bote biko na uso wa muviringo kama kiazi. Kazi na nyota bilibakia. Lakini mujusi akavalishwa maboti. Na kupanda levo kulikuwa kubaya, unachagua ufundi 7 wa maana, ukifanya 10 ndani yake unapanda, na maadui nabo banapanda na wewe, sasa batu benye akili banachagua ule ufundi habatatumia ili basipande ovyo. Mu hiyo niko pamoja na benye banailalamikia.

Halafu 2011, Skyrim. Biko tayari kukukata kichwa mu mji ya Helgen, askari moja, Hadvar, anakuuliza wewe ni nani, bote banasimama banangoja, na wewe uko unachagua ngisi ndevu itakaa. Unamaliza, unavaa kofia ya chuma, unacheza unaona mikono yako tu. Ukichoka na uso, ile nyongeza ya Dawnguard ya 2012 ilileta mama moja kule Riften anakubadilishia kwa feza 1000. Kazi hakuna tena, nyota zimekuwa mawe ya barabarani, unagusa hii leo, kesho unagusa ingine. Ufundi umebakia 18. Mutu moja anakuwa mukubwa wa benye mapanga, wa bezi na wa chuo cha uchawi, na kuwa Archmage, ule mukubwa wa chuo, hauombwi uchawi mingi kabisa.

Remaster ya Oblivion, ni kusema ile ya zamani yenye imetengenezwa upya, ilitoka mwezi wa 4, 2025, nimeiangalia tu YouTube mpaka mega zikaisha, mashini yangu haiwezi ata kuifungua. Ile ya kupanda levo bameirekebisha vizuri, nakubali, sasa ufundi wote unahesabika na unagawa pointi 12 wewe mwenyewe. Nyota zimebakia. Lakini The Elder Scrolls ya 6, yenye Bethesda ilitangaza 2018 na mpaka leo tunangoja, naogopa italeta nywele za kila namna na hakuna ata chaguo moja yenye inauma.

Mwenye anataka kuhakikisha, Daggerfall iko ya bure tangu 2009, Bethesda yenyewe njo iliitoa, na inaingia ku mashini ya zamani kabisa. Kama uko upande wa Kadutu kuya na fulashi yako, lakini ukuye na umeme wako pia.