Siku moja maishani mwangu: kumfungia Mzee mita ya RPM kwenye Hiace

Saa 1 asubuhi

Hiace imeshaegeshwa mbele ya gereji yetu ya Buguruni kabla sijafungua kufuli. Ni H100 ya injini ya 1RZ, petroli, lita mbili, kabureta. Gari ambalo Dar ililiita kipanya enzi za daladala. Hili halibebi tena abiria, linaleta muhogo na nazi kutoka Mkuranga. Mwenyewe ameketi mlangoni, miguu nje.

Namwamkia kwa sauti, upande wa sikio la kulia. "Marahaba, mwanangu. Siku hizi gari nalisikia kwa nyayo, si kwa masikio."

Hilo ndilo lililomleta. Miaka yote amebadilisha gia kwa kusikiliza mlio, kama madereva wote wa zamani. Sasa usikivu umepungua, na kijana wake anayemsaidia kupakia amekuwa akimlalamikia kwamba anavuta gia ya pili mpaka injini inalia. Dashibodi yake ina spidi mita, mafuta na joto, basi. Anataka sindano ya RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, aione kwa macho. Nafanya kazi nyingi za jenereta ya gari (ile inayochaji betri), stata na taa, lakini hii nimeisubiri kwa hamu, maana ni dereva anayetaka kuendelea kufanya kazi yake vizuri.

Kuna mita za RPM za kubandika juu ya dashibodi. Sizipendi kwenye gari la mizigo. Zinatetemeka barabara ikiharibika, na dereva analazimika kuhamisha macho kwenda kuitafuta. Tumekubaliana: kasha zima la mita linabadilishwa, sindano ikae pale pale anapoangalia spidi.

Saa 2 na nusu

Ilala, kwenye maduka ya spea zilizotumika. Muuzaji ananitolea kwanza kasha lenye RPM, safi, kioo hakina mkwaruzo. Naligeuza kwenye mwanga na kulirudisha. Lina taa yenye alama ya msokoto, ile ya kupasha injini ya dizeli kabla ya kuwasha, na eneo jekundu la RPM linaanza chini mno kwa injini ya petroli.

"Soketi zinaingia, dada," ananiambia. Zinaweza kuingia kweli. Lakini dizeli haina cheche ya plagi. Hesabu ya mizunguko yake hutoka kwenye sensa ya pampu ya dizeli au kwenye jenereta, na idadi ya mapigo kwa kila mzunguko haifanani na ya petroli. Sindano ingecheza, Mzee angefurahi, na namba ingekuwa ya uongo. Mtu anayetegemea macho badala ya masikio hapewi sindano ya uongo.

La pili ni la gari la gia otomatiki. La tatu ndilo: petroli, silinda nne, gia za mkono, na spidi mita inayoendeshwa kwa kebo kama ya Mzee. Naikagua ile plastiki laini ya nyuma yenye njia za shaba, isiwe imechanika. Kisha naomba na vipande vya waya pamoja na soketi zake. Wauzaji wengi huzikata na kuzitupa, wakati ndizo zinazoniepusha kukata waya za gari la mteja. Tunavutana bei kidogo, tunaelewana.

Saa 4

Kazi yenyewe hasa iko hapa, mezani, gari likiwa bado halijaguswa. Nafungua daftari na kuchora soketi za kasha jipya, kila tundu na namba yake. Kisha kwa multimita, kipimo cha umeme, nafuata njia za shaba kutoka kila balbu na kila mita hadi pini yake: mafuta, joto, taa ya oili, taa ya chaji, breki ya mkono, indiketa kulia na kushoto, fulu. RPM ina tatu zake: moto wa switchi, hasi na ishara. Mwanafunzi wangu anaita namba, mimi naandika.

Wapo mafundi wanaofuata rangi za waya. Nimeona magari mengi mno yaliyopita mikono mingi kuamini rangi. Gari la umri huu limeshafungwa redio, alamu na taa za ziada na watu wasiofahamiana. Njia ya shaba haibadiliki.

Jirani wa gereji amesimama kutazama. Anaona kilomita za kasha la Ilala ni chache kuliko za Mzee, na anashauri tuziache hivyo, gari litauzika vizuri baadaye. Nimemkatalia pale pale. Mtu atakayelinunua atapanga oili, mkanda na breki kwa kufuata namba hiyo. Bahati nzuri ndani ya kasha hizi spidi mita ni kipande kinachojitegemea, kimeshikwa kwa skrubu. Naitoa ile ya Ilala niweke ya Mzee ikishatoka garini. Kilomita zinabaki zake.

Saa 6 mchana

Hasi ya betri nje. Skrubu za fremu, kisha kasha linavutwa taratibu kwa mbele, mkono unapita nyuma kuachia kebo ya spidi na soketi. Haraka ya hapa huvunja vishikio vya plastiki, na plastiki iliyokaa juani kwa miongo haisamehe. Narudia uchoraji ule ule kwa kasha la zamani. Karatasi mbili zikiwekwa pamoja, tofauti zinaonekana: pini kadhaa zimehama nafasi, na za RPM hazina waya kabisa upande wa gari. Natengeneza kiunganishi kutokana na zile soketi za Ilala, nalehemu kila kiungo na kukivisha mpira unaosinyaa kwa joto.

Chakula ni wali maharage kwa mama ntilie, tumesimama.

Saa 8

Sasa waya wa ishara, unaoipelekea RPM mapigo ya kuhesabu. Kwenye injini hii naichukua upande wa hasi wa koili, inayotengeneza umeme wa cheche za plagi. Kila koili inapokatwa kutoa cheche, pale hupiga volti mamia, kwa hiyo waya uwe na ganda zuri, upite mbali na waya za plagi na usisuguane na bati. Ukichubuka ukagusa bodi, cheche zinakufa na injini inazima barabarani. Nimeuvisha bomba la plastiki mwendo wote na kuupitisha kwenye tundu lenye mpira.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Injini ya silinda nne hutoa cheche mbili kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 750 kwa dakika ni cheche 1,500, yaani 25 kwa sekunde. Kwa hiyo multimita yenye kipimo cha hezi (mapigo kwa sekunde) ikisoma 25, sindano inatakiwa iwe 750. Ikisoma 100, iwe 3,000. Unazidisha hezi kwa 30. Ukifunga mita ya silinda sita, yenye kungoja cheche tatu kwa kila mzunguko, itaonyesha 500 pale panapotakiwa 750.

Saa 9

Switchi ya kwanza. Taa ya oili inawaka, ya chaji haiwaki. Mwanafunzi anasema ni jambo dogo, tuwashe tu. Namwita aje aangalie: kwenye jenereta nyingi, umeme wa kuiamsha hupita kwenye balbu hiyo hiyo. Isipowaka, huenda jenereta isichaji, na Mzee akakwama usiku na mzigo. Balbu ya kasha la Ilala imeungua. Ya kasha la zamani inachukua nafasi yake.

Tunawasha. Multimita 31, sindano juu kidogo ya 900. Zinakubaliana. Nafungua skrubu ya sailensa ya kabureta, inayopanga mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, taratibu hadi 25, na sindano inashuka nayo mpaka 750. Resi inapandishwa hadi hezi 100, sindano inasimama 3,000. Sindano ya mafuta inalingana na ilivyokuwa asubuhi, kwa hiyo boya la tangi na mita vinaelewana.

Saa 10

Barabara ya Mandela kuelekea Tazara, Mzee kwenye usukani, mimi pembeni. Gia ya pili anaipeleka mpaka 4,000 kabla ya kukumbuka kutazama. "Kumbe hivi ndivyo nilivyokuwa nafanya!" Namwambia ajaribu kupandisha kati ya 2,500 na 3,000, na akiwa na mzigo mlimani asiiache ishuke chini ya 1,500. Tunarudi akibadilisha gia kwa macho, bila kukwaruza, akizitaja namba kwa sauti kubwa. Nilifurahi mno.

Saa 11

Kwenye risiti nimeandika: kasha la mita limebadilishwa, RPM imeongezwa, spidi mita na kilomita ni za awali. Nimempa na nakala ya mchoro wa pini aiweke kwenye droo ya gari, ili fundi mwingine asianze upya. Kasha la zamani amelichukua kwenye mfuko. Kioo na balbu zilizobaki zitamfaa. Kesho kuna Noah isiyochaji.