Mstarini, kando ya ziwa

Nilipokwenda kusoma Marekani nilijiona tayari ni kiongozi. Sekondari ya wasichana niliyosoma mkoani Tanga nilikuwa dada mkuu. Nagonga kengele, naandika majina ya wapiga kelele, na kila asubuhi nasimama mbele ya wenzangu mstarini kusoma zamu za usafi. Kwa hiyo mshauri wangu wa masomo aliponipa fomu ya mafunzo ya uongozi na kujitambua kwa wanafunzi wa kike wasio Wazungu, niliichukulia kama kitu cha kunogesha wasifu siku ya kuomba kazi. Maswali mengi yalikuwa mepesi. Moja tu lilinikwamisha: "Wewe ni nani?", na chini yake wameacha nusu ukurasa mtupu. Nikaandika mimi ni binti wa nani, natoka wapi, nasoma nini. Haikufika hata robo. Nikaitazama ile nafasi iliyobaki, nikaongeza jina la babu yangu na kijiji chake huko Muheza.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2017, wikendi ya mapumziko ya katikati ya muhula. Basi lilitutoa Minneapolis Ijumaa mchana likashika njia ya kaskazini. Minnesota hujiita jimbo la maziwa elfu kumi, hata kwenye vibao vya namba za magari wameandika hivyo, na baada ya saa kadhaa za kutazama dirishani hubishi tena. Ndani ya basi kulikuwa na Wamarekani Weusi, Wasomali, wasichana ambao wazazi wao walitoka Mexico, na Wahmong, ambao wazee wao walikimbia Laos baada ya vita kuisha mwaka 1975. Alikuwepo pia Mwojibwe mmoja, wa kabila la wenyeji wa asili wa eneo lile, na yeye peke yake kati yetu ndiye tungeweza kusema yuko kwao. Majina yao siyataji. Jambo la kwanza tulilokubaliana pale kambini ni kwamba ya mtu yanabaki kuwa ya mtu; ninayoyasimulia hapa ya wengine nimeyaombea ruhusa.

Mkufunzi wetu mkuu alikuwa mama wa makamo, Mmarekani Mweusi, mwenye mvi alizozikata fupi na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Alitaka tumwite kwa jina lake, kama desturi yao ilivyo. Mimi nilishindwa. Nikamwita Mama, akanirekebisha mara kadhaa, mwishowe akaniacha.

Kwenye ukuta wa ukumbi walibandika picha. Alikuwepo Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani, mwaka 1968, aliyegombea tiketi ya urais ya chama chake miaka minne baadaye. Alikuwepo Mee Moua, Mhmong aliyeingia Seneti ya jimbo la Minnesota mwaka 2002. Wale Wahmong wetu walimwongelea kama shangazi yao. Alikuwepo Ilhan Omar, wakati huo bado mbunge katika bunge la jimbo la Minnesota tu, na nilipoambiwa kwamba utotoni alikaa miaka minne katika kambi ya wakimbizi ya Utango, karibu na Mombasa, niliiangalia picha ile upya. Utango! Kutoka Tanga ni safari ya basi.

Picha iliyonishika zaidi lakini ni ya mtu ambaye sikuwahi kumsikia: Patsy Mink, mzaliwa wa Maui, Hawaii, wa asili ya Kijapani. Mama alitusimulia habari zake Ijumaa ile baada ya chakula. Mwaka 1947 binti huyu alihamia Chuo Kikuu cha Nebraska, akakuta wanafunzi wasio Wazungu wametengewa malazi yao mbali na wengine. Hakuwa na cheo chochote. Akaandika barua, akawakusanya wenzake, wazazi nao wakapaza sauti, na utaratibu ule ukafutwa. Mwaka 1964 ndipo alipochaguliwa kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza asiye Mzungu katika Bunge la Marekani, na akawa miongoni mwa waliosukuma ile sheria ya mwaka 1972 inayokataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia. Mama aliishia pale kwenye barua. Ubunge aliutaja kwa haraka, kama mtu anayemalizia kufunga mlango wa nyuma.

Sisi nasi tulikuwa tumeagizwa kila mtu aje na picha ya mwanamke anayemwona kiongozi. Msomali mmoja, mzaliwa wa Eastleigh, Nairobi, alileta ya Wangari Maathai, akaeleza kwa fahari kwamba mama huyo alisomea Kansas kuanzia mwaka 1960 alipokuwa hajulikani na mtu. Mimi nilileta ya Bibi Titi Mohamed. Nikasema alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, na kwamba mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, yeye aliwafuata huko huko kwenye vikundi vyao vya ngoma, akawaleta kwa maelfu. Wakaniuliza aliishia wapi. Nikawaambia ukweli: alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo, akaachiwa mwaka 1972, na leo barabara kubwa ya mjini ina jina lake. Yule wa Eastleigh akanong'ona kwa Kiswahili, "Barabara ni rahisi kumpa mtu akishanyamaza." Nikajua wikendi ile nimepata shoga.

Jumamosi asubuhi tukafanya zoezi la mstari. Nalieleza, maana ndilo lililofungua mengine. Mnasimama bega kwa bega katikati ya ukumbi, mmeshikana mikono. Mkufunzi anasoma sentensi: kama mmoja wa wazazi wako alifika chuo kikuu, hatua moja mbele, kama umewahi kulala na njaa kwa sababu nyumbani hakuna hela, hatua moja nyuma, kama umewahi kufuatwa na mlinzi dukani ukiwa mtoto, nyuma, kama walimu wako wengi wa shule ya msingi walifanana nawe, mbele. Mikono inavutana mpaka inaachiana.

Mimi niliyumba kama mtu anayecheza kwaito. Suala la hela likija, narudi nyuma: baba mwalimu wa shule ya msingi, watoto tele, umeme tuliuvuta nikiwa nimeshajua kusoma. Suala la rangi likija, nakwenda mbele peke yangu. Walimu wangu walifanana nami, wote. Mlinzi wa dukani hakunifuata, na duka lenyewe lilikuwa la mjomba. Wenzangu waliozaliwa na kukulia pale pale Minnesota, wanaozungumza Kiingereza nilichokuwa nakihangaikia, waliniona nikipita mbele yao mara kwa mara, na mimi nikawa sijui niweke wapi macho. Niseme tu kwamba zoezi hili silipendi mpaka leo. Aliyebaki nyuma kabisa anageuzwa kuwa somo kwa walio mbele, na hakuna aliyemwomba afundishe.

Usiku ule tukakaa duara mbele ya moto wa kuni. Mama akauliza swali moja tu: ulikuwa na umri gani ulipojua kwamba wewe si Mzungu, na kwamba jambo hilo lina uzito?

Wa kwanza akasema miaka mitano, mtoto mwenzake alikataa kumshika mkono kwenye mchezo. Mwingine sita. Mhmong mmoja akasema saba: alikuwa amesimama kwenye dirisha la mapokezi hospitalini akimtafsiria mama yake, kidevu chake kikiwa sawasawa na ile meza, na karani akawa anapaza sauti kila sentensi kana kwamba mama yake ni kiziwi. Alijifunza siku ile, alisema, kutafsiri maneno na kuiacha sauti.

Zamu yangu ikafika. Nikasema kumi na tisa.

Wakanigeukia. Nikaeleza kwamba ilikuwa kwenye fomu, wiki ya kwanza chuoni, mahali pa kutia alama ya vema. Kabla ya hapo nilikuwa Mbondei, nilikuwa mtoto wa mwalimu, nilikuwa wa tatu kuzaliwa. Mweusi ilikuwa ni namna ya kumtofautisha shangazi mmoja na mwingine. Kule polisi ni mweusi na mwizi ni mweusi, daktari, meneja wa benki, waziri anayekuja kukata utepe; ukinyimwa kitu unatafuta sababu nyingine. Nilipomaliza niliona aibu, kama niliyehesabu hela mbele ya watu wasio nazo. Nikaanza kuomba radhi.

"Usituonee huruma," Mama akasema. "Hiyo miaka kumi na tisa ni mali. Tueleze mtu anatembeaje akiwa nayo."

Nikajaribu. Na kwa kuwa nilitakiwa kusema kweli, nikasema pia kuhusu mkorogo: kopo la krimu kwenye meza ya shangazi yangu, shingo nyeupe na vidole vilivyobaki vyeusi kwenye viungo, na jinsi sisi watoto tulivyomwona mrembo. Wachache wakacheka cheko la kujua. Yule Mwojibwe akatikisa kichwa.

Ndipo shoga yangu wa Eastleigh akavunja hewa. "Mmefurahi sana," akawaambia kwa Kiingereza. "Sasa muulizeni kwao nani alikuwa anaosha vyombo." Halafu kwa Kiswahili, akinitazama: "Sema, walahi."

Nikacheka. Kisha nikafikiri, na nilichokipata nilikisema kwa sauti kabla sijakipima. Kaka yangu akitaka kutoka nyumbani jioni alisema, "Natoka." Mimi nilisema, "Naomba kutoka." Hakuna aliyenifundisha tofauti hiyo, nilikuwa nayo mdomoni. Rangi haikunifundisha kuomba ruhusa, lakini kuomba ruhusa nilikujua vizuri kuliko wote waliokaa pale. Hata udada mkuu wangu, ile orodha ya wapiga kelele haikuwa yangu, ilikuwa ya mwalimu wa nidhamu. Mimi niliishika tu. Na kila nilipopewa nafasi ya kusema mbele ya wazazi nilianza na "mtanisamehe".

Mama hakusema kitu. Aliongeza gogo kwenye moto, akamgeukia aliyenifuatia.

Jumapili tulirudi kwenye uongozi wenyewe, na hapo nikatarajia hotuba. Badala yake tukasimuliwa kuhusu Ella Baker, mwanaharakati wa haki za Wamarekani Weusi. Aprili 1960, katika Chuo Kikuu cha Shaw huko Raleigh, mama huyu aliwaita pamoja wanafunzi waliokuwa wakikaa kwenye migahawa ya Wazungu na kugoma kuondoka. Wachungaji wakubwa wa harakati hizo wangependa vijana wale wawe tawi lao. Yeye akawahimiza wawe na chama chao wenyewe, na wakawa nacho. Alikuwa na miaka hamsini na sita, kazi yake kubwa ikiwa kuuliza maswali na kusikiliza majibu. Kazi yetu basi ilikuwa hiyo: wawili wawili, mmoja anauliza, mwingine anaeleza linalomkera chuoni, na ni mwiko kutoa ushauri. Kwa mtu aliyelelewa na mwalimu, kukaa nusu saa bila kumshauri mtu ni adhabu.

Nilipangiwa msichana Mmarekani Mweusi wa chuo chetu, ambaye nilimdhania ana maringo. Alikuwa amelelewa na familia za walezi, moja baada ya nyingine, na alipofikisha miaka kumi na minane mambo hayo yaliisha. Nikamuuliza likizo ya Krismasi huwa anakwenda wapi. Akasema haendi popote. Bwalo la chakula linafungwa, majiko ya mabwenini yanafungwa kwa kufuli, na yeye hula tambi za pakiti alizolowesha kwa maji ya moto ya bomba.

Mimi Krismasi iliyotangulia nilikula mkate na siagi ya karanga mpaka Januari. Sikumwambia mtu. Niliona ni shida yangu ya ugeni, na mgeni hachagui. Huyu hapa alizaliwa saa mbili tu kutoka pale, na alikula yale yale ghorofa ya juu yangu.

Tuliporudi tukaanza kuulizana, kwa mtindo ule ule wa mmoja kwa mmoja. Wanaobaki likizo walikuwa wengi kuliko tulivyodhani: wanafunzi wa nje, waliotoka kwenye malezi kama mwenzangu, wachezaji wa mpira wa kikapu ambao ligi haiwaruhusu kwenda nyumbani. Mwezi wa kumi na moja tukapewa miadi na mkuu wa huduma za wanafunzi. Tulikwenda watatu, yule wa Eastleigh akiwemo. Mimi ndiye niliyepangiwa kufungua, nikafungua hivi: "Samahani sana kwa kukupotezea muda." Mwenzangu akanipiga teke chini ya meza, teke hasa. Nikaanza upya, nikasema tumekuja kuzungumzia majiko.

Akatueleza kwamba yanafungwa kwa hofu ya moto. Mwenzangu akamuuliza kwa upole mbona wakati wa masomo, bweni likiwa limejaa, moto hauogopwi. Mzee akaandika kitu kwenye karatasi, akaahidi kutujibu, nasi tukatoka tukiwa hatuna uhakika kama tumeshinda au tumefukuzwa kistaarabu.

Jibu lilikuja kwa barua pepe tukiwa kwenye mitihani. Jiko moja, la ghorofa ya chini, lingeachwa wazi likizo nzima. Masufuria tujitafutie wenyewe. Yule wa Eastleigh alisoma barua ile mpaka mwisho, akasema la masufuria tutalirudisha ofisini Januari, na safari hiyo anafungua yeye.