Land Rover ya zamani, chumvi ya Msimbati na ukaguzi wa trafiki

Land Rover yangu, ya zamani aina ya 110, kazi yake kubwa ni kubeba samaki kutoka Msimbati kuja Mtwara mjini. Msimbati gari linapita juu ya mchanga wa pwani, na maji yakijaa, matairi yanaoga. Watu huniambia, "Mjomba, hiyo haili kutu, bodi yake alumini." Bodi ni alumini, sawa. Lakini chasisi ni chuma, tena ya boksi, yenye uwazi ndani, kwa hiyo maji ya chumvi na mchanga vikiingia huoza kuanzia ndani huku nje rangi bado inang'aa. Hata hiyo alumini, pale ilipofungwa kwa boliti kwenye chuma, huliwa ikabaki unga mweupe.

Kabla ya kuipeleka kwa trafiki kukaguliwa, nilitandika turubai nikaingia chini na nyundo ndogo na bisibisi. Chuma kizima ukikigonga kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na bisibisi inazama. Boriti ya nyuma, ile ya kuvutia tela, ilizama. Paipu ya breki ya nyuma ilikuwa imeota magamba.

Fundi akatoa ushauri wake: "Tujaze puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, mjomba, tupige rangi nyeusi. Nani ataona?" Ataona nani si hoja. Puti haibebi mzigo, na mimi ndiye ninayekaa mbele ya tani ya samaki na barafu. Tulivutana sana kwenye bei, maana kukata na kuchomelea si kazi ndogo. Mwisho bati nikanunua mwenyewe, yeye akachukua ufundi tu. Tulichomoa betri, tukashusha tangi la dizeli kwa sababu liko jirani na boriti hiyo, grenda ikakata mpaka chuma safi, likachomelewa bati la milimita 3. Matundu ya kutolea maji nilisimamia yasizibwe. Paipu tukaweka mpya.

Mkaguzi alijaribu breki, taa na usukani, akatazama matairi, kisha akainama na tochi. Pale palipochomelewa alipagonga kwa kidole, akaandika. Stika nikapewa.

Siku hizi nikirudi Msimbati naosha chini kwa maji yasiyo na chumvi kabla chumvi haijakauka, mpira wa maji nauingiza mpaka ndani ya matundu ya chasisi. Wenzangu hupulizia oili chafu. Inasaidia chuma, ila huvimbisha bushi za mpira, na bushi nazo mkaguzi anaziangalia.