Mistari Minne Kati ya Kisumu na Kigali

Kisumu, Jumapili usiku

Kwenye ramani, kiganja kimoja kinafunika Kisumu na Kigali. Barabarani ni zaidi ya kilomita 800, na njiani kuna mistari minne: ikweta unaivuka mara mbili, mpaka mara mbili. Ikweta haimdai mtu karatasi. Mpaka unazidai zote, na za mtoto ndizo zinazokaguliwa kwa makini zaidi. Watu huanza kupanga safari hii kwa kutafuta hoteli na mahali pa kupiga picha, ilhali kinachoamua kama familia italala Jinja au itakesha mpakani Busia ni bahasha ya karatasi na saa ya mtoto kula.

Basi bahasha kwanza. Mtu mzima Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Utaratibu huo ulianza mwaka 2014. Mtoto hana kitambulisho. Yeye anahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria kutoka idara ya uhamiaji, na cheti cha kuzaliwa kiwe karibu, kile chenyewe, si picha kwenye simu. Hapa ndipo wengi hukwama: baba yuko sawa, mama yuko sawa, watoto watatu hawana hata kikaratasi. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, au na shangazi au nyanya yake, bebeni barua ya idhini ya mzazi aliyebaki nyumbani, yenye sahihi yake, namba ya simu na nakala ya kitambulisho. Haiulizwi kila mara. Siku itakapoulizwa hakuna maelezo yatakayotosha, hasa kama jina la ukoo la mtoto si la mtu aliyemshika mkono.

Halafu kuna kadi mbili za manjano, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano ni moja tu, na tangu kanuni za kimataifa zilipobadilishwa mwaka 2016 inahesabiwa ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Lakini inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo ukidungwa Ijumaa kwa safari ya Jumatatu umechelewa. Mtoto huchanjwa kuanzia miezi 9. Usidhani alishaipata kliniki: nchini Kenya chanjo hii hutolewa kwa watoto wote katika kaunti chache tu za Bonde la Ufa, kama Baringo na Elgeyo Marakwet. Mtoto wa Kisumu, Kakamega au Nakuru mjini kwa kawaida hana.

Kadi ya pili ya manjano ni ya gari, ile bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Bima yako ya kawaida inaishia mpakani. Kadi hii ndiyo inayoendelea hadi Uganda na Rwanda. Iombe kwa kampuni yako ya bima mapema, na ukipewa soma tarehe na nchi kabla hujaondoka kaunta. Logbuku, hati ya umiliki wa gari, iwe ile halisi. Kama gari bado lina mkopo na logbuku iko benki, omba barua ya benki, na usiiombe siku mbili kabla ya safari. Gari la shemeji linahitaji barua ya shemeji. Ndani ya gari kuwe na kizimamoto ambacho hakijapitwa na tarehe, na pembetatu mbili nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika.

Mstari wa kwanza, ikweta, uko Maseno, mwendo wa nusu saa hivi kutoka mjini. Watoto ndio kwanza wamekaa sawa na wazazi wengi hupita tu. Dakika tano zinatosha: bango, picha, twende. Faida yake utaiona siku kadhaa mbele. Ukishavuka, waonyeshe watoto mito miwili barabara inapoivuka, Yala halafu Nzoia baada ya Ugunja, na waangalie rangi ya maji. Kahawia nzito ya udongo. Waiweke akilini.

Busia ni kama kilomita 115 kutoka Kisumu. Foleni ndefu ya trela unayoikuta si yako. Magari madogo na mabasi yana njia yake. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe mwaka 2018, hugongi muhuri wa kutoka Kenya upande wa Kenya. Unapita moja kwa moja hadi jengo la Uganda, na humo maafisa wa nchi zote mbili wako dirisha kwa dirisha: kutoka kwanza, kuingia baadaye. Anayesimama upande wa kwanza kutafuta pa kugonga muhuri ndiye mawindo ya vijana wanaojitolea “kukusaidia”. Usimpe mtu yeyote asiye nyuma ya dirisha karatasi yako. Watu wakishamaliza, gari linaanza: forodha hutoa kibali cha muda chenye tarehe ya mwisho. Piga picha ya tarehe hiyo. Gari hutumia muda mrefu kuliko watu, kwa hiyo mzazi mmoja abaki na karatasi, mwingine awapeleke watoto chooni na kuwalisha. Chakula cha saa hiyo kitoke nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi.

Pesa badilisha kidogo tu hapo, ya mafuta na chakula cha siku. Shilingi moja ya Kenya inazunguka karibu na 28 za Uganda, na ugumu uko kwenye sifuri: 10,000 na 1,000 zinafanana machoni pa mtu mchovu. Fanya hesabu kwenye simu yako, si kwenye kikokotoo cha mbadilishaji, na noti uzihesabu wewe ukiwa mtu wa mwisho kuzishika. Akizichukua tena “kuzipanga”, hesabu upya. Zima pia data ya simu kabla hujafika Busia, maana laini inaweza kushika mtandao wa ng'ambo ukiwa bado upande huu na vifurushi vikaisha bila mtu kuangalia video hata moja.

Kutoka Busia hadi Jinja ni kama kilomita 120. Siku ya kwanza iishie hapo, na nasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu Kampala iko kilomita 80 tu mbele na kishawishi ni kikubwa. Hizo 80 zinapita msitu wa Mabira, zimejaa malori, na ukizianza jioni utaingia Kampala saa mbaya kuliko zote.

Daraja jipya la Jinja, lile la nyaya lenye urefu wa mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018, ni zuri sana. Usisimame juu yake kupiga picha, walinzi wapo. Ukifika chanzo cha Nile, waambie watoto mapema kwamba hakuna maporomoko. Yale aliyoyaona mvumbuzi Mwingereza John Speke mwaka 1862 yalizama baada ya bwawa la umeme kukamilika mwaka 1954. Kinachobaki ni maji mapana yanayoanza kukaza mwendo. Mtoto anayetarajia maporomoko atanung'unika. Lakini mwambie Ziwa Victoria lote lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huu, na kwamba ile kahawia ya Yala na Nzoia iliingia ziwani ili hatimaye ipite hapa kuelekea Misri. Uko bustanini pia ukumbusho wa Gandhi, maana sehemu ya majivu yake ilitawanywa hapa mwaka 1948. Mashua pandeni, makoti ya kuokoa maisha yafungwe hadi juu. Kuchezea maji ukingoni msiwaruhusu: kichocho kipo, kama kilivyo upande wetu.

Chakula cha kwanza cha Uganda ambacho mtoto wa Kisumu hatakigombania ni rolex. Jina linatokana na mayai kukunjwa, halina uhusiano na saa ya mkononi. Mayai mawili yanakorogwa na kitunguu, nyanya na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, yanamwagwa kwenye chuma bapa, na kabla hayajaganda chapati inabandikwa juu ili zishikane. Inageuzwa, inakunjwa, inaingia kwenye karatasi. Tatizo ni nyanya. Wapishi wengine huitandaza mbichi mwishoni, na maji yaliyoiosha huyajui. Sema mboga zote ziingie kwenye yai ziive humo. Bei inabaki ileile.

Najjembe, katikati ya Mabira, wauzaji watalizunguka gari na vijiti vya kuku na nyama hata kabla halijasimama. Milango ibaki imefungwa, fungua kioo kimoja, taja bei kwanza. Nyama ambayo imekuwa ikizungushwa magarini tangu asubuhi iache. Shuka uende hadi kwenye moto, uchague iliyo juu ya makaa, na uombe irudishwe dakika kumi. Gonja, ile ndizi kubwa tamu ya kuchoma, ndiyo salama kuliko vyote kwa mtoto mdogo, maana inaiva juu ya makaa mbele ya macho yako.

Kampala sitaizungumzia sana. Ingieni asubuhi baada ya saa nne au msubiri; siku mbili zinatosha kwa watoto. Lakini msiondoke bila luwombo. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto hadi lilainike na kushika moshi, ule mshipa mnene wa katikati unapunguzwa kwa kisu ili lisipasuke, kisha kuku au nyama na mchuzi wa karanga vinafungwa ndani na kupikwa kwa mvuke saa mbili au zaidi. Ndiyo sababu huagizi luwombo saa moja jioni. Ni chakula cha mchana, na saa nane inaweza kuwa imeisha. Pembeni kuna matoke yaliyopondwa, laini na yenye unyevu kuliko ndizi tunazopika Kisii. Mwenye mzio wa karanga awe macho: karanga zimo pia kwenye mboga na samaki, na muuzaji huenda asizitaje kwa sababu kwake ni kama chumvi. Uliza kwa jina lake, binyebwa. Kiswahili kinasikika kwa wengi, lakini Kampala huwa wanajibu kwa Kiingereza. Mwite mwanamume ssebo na mwanamke nnyabo, utahudumiwa kwa tabasamu.

Ukitoka mjini tumia barabara ya mzunguko wa kaskazini hadi Busega, kisha Masaka. Mstari wa pili wa ikweta uko Kayabwe, kama kilomita 75 mbele, na hapa kila mtu husimama. Kuna mabeseni matatu na mtu wa kukuonyesha maji yakizunguka kulia upande mmoja, kushoto upande wa pili, na kushuka wima katikati. Ni mchezo mzuri na ni uongo. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuelekeza maji ya beseni. Anayeyaelekeza ni mkono unaoyamwaga. Lakini kuivuka ikweta kwenyewe ni kwa kweli. Mpe mtoto fumbo: Kisumu iko kusini ya mstari, Maseno tuliuvuka kwenda kaskazini, sasa tunarudi kusini bila kugeuka nyuma. Barabara ya Maseno ilipanda juu ya ziwa, hii inashuka upande wake wa pili.

Lala Mbarara, usilazimishe. Kesho yake Kabale ni baridi, masweta yawe juu ya begi wala si chini. Ziwa Bunyonyi halina mamba wala kiboko, lakini kingo zake zinashuka ghafla, kwa hiyo asiyejua kuogelea akae gatini.

Katuna, mpaka wa Uganda na Rwanda, ndiyo mstari mgumu, na si kwa sababu ya karatasi. Baada yake unaendesha kulia, na saa inarudi nyuma saa moja. Dereva hukumbuka barabara iliyonyooka na kusahau kwenye mzunguko wa kwanza, au akitoka kituo cha petroli. Usukani ukiwa kulia huoni mbele ya lori, basi anayekaa kushoto ndiye macho yako, na asipoona vizuri hampiti. Jambo ambalo halitajwi ni mlango wa watoto. Nyumbani wamezoea kushukia kushoto, upande wa nyasi. Rwanda kushoto ndiko magari yanakopita. Funga kufuli ya watoto ya mlango huo kabla hujavuka, na wote washukie kulia. Mifuko ya plastiki, hata ile laini ya nguo zilizolowa, itachukuliwa mpakani. Tumia ya kitambaa.

Kigali, angalia kalenda. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi: maduka yamefungwa, barabara tupu. Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, walipozikwa watu zaidi ya 250,000, si pa kumpeleka mtoto wa miaka saba kwa sababu tu hamna wa kumwachia. Mzazi mmoja aingie leo, mwingine kesho. Mishikaki ya mbuzi huchukua dakika arobaini na wakati mwingine saa nzima, hivyo agiza kabla hujavuta kiti. Akabanga, pilipili ya kichupa, ni tone moja, na kichupa kikae mbali na mkono wa mtoto. Ikivuguto ni maziwa lala mazuri ajabu.

Kurudi unalipa ile saa: kutoka Kigali saa kumi na mbili asubuhi ni saa moja ya Kisumu. Busia utamalizia mambo yote upande wa Kenya safari hii, lakini kibali cha gari kifungwe na kigongwe muhuri, la sivyo kitakungoja siku ukirudi. Kisha Bumala, na kabla ya Ugunja, Nzoia, bado ya kahawia, ikienda Jinja.